Mwandikishaji wa Askari Asiishie Stesheni

Mama mmoja wa Katuba alinikuta sokoni, komini ya Kenya hapa Lubumbashi, Kongo, nikipimiwa unga wa bukari, ugali wetu. Hakunisalimu. Alifungua fundo la pembe ya kitenge, pale ambapo mama zetu huficha pesa, akatoa picha ndogo ya kitambulisho na kunishikisha mkononi. Kijana wa kwenye picha nilimjua. Miezi minane kabla ya siku ile nilikuwa nimeandika jina lake kwa kalamu yangu, nikampandisha treni ya Kamina na kumpungia mkono.

"Shefu," aliniuliza, "mwana niliyekupa, umemweka wapi?"

Nilimjibu kwamba yuko kazini. Ulikuwa uongo, maana sikujua. Angeweza kuwa bado Kamina akijifunza kulenga shabaha. Angeweza kuwa vitani mashariki, Ituri au Kivu Kaskazini, au kwenye kitanda cha hospitali. Angeweza kuwa amekwisha kufa. Mama aliirudisha picha ndani ya fundo, akalikaza kwa meno, akaenda zake. Muuza unga, aliyesikia yote, alinirudishia chenji bila kunitazama usoni.

Neno lake moja halijaniacha mpaka leo: "niliyekupa." Huyu mama hajui mwanawe yuko regimenti gani wala nani anaiongoza. Hajawahi kuona ofisi ya mkoa wa kijeshi kwa ndani. Anachokijua ni mtu mmoja anayechechemea, aliyekuja kwake, akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, akanywa maji yake na kumwambia asiogope. Mtu huyo ndiye ambaye mama alimkabidhi mwana, na mtu huyo ndiye anayemdai.

Nimetumika jeshini miaka 19, mitatu ya mwisho nikiwa mwandikishaji hapa Lubumbashi, na sasa nimevua kombati. Ninaamini kazi hii tumeielewa vibaya. Tunaichukua kama kazi ya mlinda mlango: kijana aingie, mlango ufungwe, aitwe mwingine. Kumbe ni kazi ya kamba. Ncha moja imefungwa kwa kijana, ya pili imefungwa kwenye nyumba aliyotoka, na mwandikishaji ndiye ameishika katikati. Tukiiachia pale stesheni treni inapoondoka, tunampoteza askari kabla hajafika vitani, na tunaipoteza nyumba yake pamoja naye.

Mjini kwetu watu wanazungumzia idadi. Novemba 2022 Rais Tshisekedi aliwaita vijana wajiunge na jeshi, nao wakaja. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, katikati ya Februari wakaingia Bukavu, na mwezi wa Machi rais akatangaza kwamba mshahara wa askari na polisi utaongezwa mara mbili. Kila habari ya namna hiyo ilituletea vijana mlangoni. Walitoka Ruashi, Kampemba, Likasi, mpaka Kasumbalesa. Wengine walikuja na diploma ya taifa ndani ya bahasha ya plastiki, wengine na vumbi la machimbo kwenye kope. Jioni tulijumlisha majina, na jumla ndiyo iliyosomwa. Hakuna aliyeuliza tumeacha nini nyuma kwenye nyumba tulikowatoa.

Kwa nini kazi hii wanapewa askari wakongwe? Goti langu liliharibika Agosti 2013, kwenye vilima vya Kibati, kaskazini mwa Goma, tulipokuwa tukiwasukuma M23 kutoka mjini. Tangu hapo sikuweza tena kupanda mlima na mzigo. Askari wa namna yangu bado anajua kazi, bado ana nidhamu, na vijana wakimwona wanaamini. Mwili wake ndio ushahidi. Nikiingia kwenye uwanja wa shule, kabla sijafungua mdomo, macho yote yanashuka kwenye mguu. Hapo ndipo nguvu ya mwandikishaji ilipo, na hatari yake pia. Mguu ule ule naweza kuutumia kusema ukweli, na naweza kuutumia kuuza ushujaa.

Vijana huuliza maswali yanayofanana. Mshahara ni kiasi gani? Bunduki nitapewa lini? Wewe ulipigana pamoja na Mamadou? Jina la Kanali Mamadou Ndala, aliyepigana na M23 pale Goma kisha akauawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, limeniletea vijana wengi kuliko bango lolote. Wengi wao walikuwa watoto wadogo alipokufa, lakini wameiona ile picha ya watu wa Goma wakimbeba mabegani. Nilikuwa nawajibu kwamba ndiyo, nilikuwepo mwaka ule wa 2013, na kwamba watu walimpenda kwa sababu alikuwa mbele pamoja na askari wake. Kisha nilikuwa nawauliza: je, ukipata kamanda asiye Mamadou, utafanyaje? Wengi walicheka. Wachache walinyamaza na kufikiri, na hao ndio niliotaka kuwaandika.

Mama huuliza mengine kabisa. Atalala wapi? Atakula nini? Akiugua nani ataniambia? Swali la tatu sikuwa na jibu lake, na nilikuwa nalifunika kwa maneno. Hata lugha ilinisaidia kufunika. Mimi ni mtoto wa hapa, najua kumwambia mama wa Katuba maneno yakamwingia, kwa Kiswahili chetu, taratibu. Mwanawe akishavuka lango la kambi anakutana na Lingala, lugha ya amri, ya posho na ya adhabu. Kwa hiyo Kiswahili changu kilikuwa kama mkono laini wa kumpokea mtoto, na nyuma ya mkono ule palikuwa na mlango wa chuma.

Lakini kuna mahali ambapo mwandikishaji ni ukuta wa mwisho, na hapo namtetea kwa nguvu zangu zote. Ni kwenye umri.

Kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho cha watu wengi, haitoshi. Kijana wa miaka 15 mwenye kifua anaweza kuwa nayo. Mimi nilikuwa na njia yangu. Tarehe 18 Desemba 2010 Tout Puissant Mazembe walicheza fainali ya Kombe la Dunia la vilabu dhidi ya Inter Milan kule Abu Dhabi, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Hakuna nyumba ya Lubumbashi iliyolala mapema siku ile, ingawa tulifungwa tatu bila. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwishoni mwa 2022 alikuwa na miaka 6 usiku ule. Basi sikumuuliza nani alifunga, wala kipa wetu Kidiaba alishangilia vipi, maana hata mtoto wa juzi anaweza kuonyesha Kidiaba akiruka kwa makalio. Nilimuuliza: wewe ulikuwa wapi? Uliangalia kwa nani? Nani alikushika mkono kurudi nyumbani? Aliyekuwa na miaka 6 ana kipande cha kumbukumbu, hata kidogo: televisheni ya jirani iliyozimika umeme ulipokatika, baba aliyekataa kula, kiatu kilichopotea kwenye umati. Aliyekuwa na miaka 3 anakusimulia mechi nzima vizuri sana, kama mtangazaji wa redio. Huyo nilimrudisha kwao.

Niliwarudisha wengi. Mmoja alilia, akaniambia nyumbani hakuna chakula na nimemfungia njia. Nilimpa nauli ya taksi-basi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa anayeandikisha mtu chini ya miaka 18 kifungo cha miaka 10 hadi 20, lakini sikuhitaji kuikumbuka ili kukataa. Nilikuwa na miaka 12 wakati AFDL, waasi wa Laurent Kabila, walipoingia Lubumbashi, tarehe 9 Aprili 1997, na nikamwona kadogo, askari mtoto, amesimama kwenye kona ya avenyu yetu, bunduki ikimgusa kifundo cha mguu. Tulikuwa rika moja. Mama yangu alimpa kipande cha muhogo, akakipokea kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa wote, akasema aksanti mama. Kuna mtu aliyemwandikisha yule mtoto, akamtoa kwa mama yake na kuahidi kitu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipomhukumu Thomas Lubanga mwaka 2012 kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 kule Ituri, ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ile, na ilikuwa juu ya kazi hii hii ninayoizungumzia. Hukumu yake ya kwanza iliwahusu waandikishaji. Kila anayeshika kalamu ya kuandikisha angepaswa kulijua hilo.

Sasa nirudi kwenye ukweli tunaopaswa kuwaambia walio na umri. Mshahara wanaujua, umetangazwa redioni. Kwamba kujiandikisha ni bure lazima waambiwe mara tatu, kwa sababu nje ya lango hakosekani mtu anayejiita mpwa wa kanali na kudai madesu, yaani hongo, ili jina lipite. Zito zaidi ni kanuni ya adhabu ya kijeshi. Tangu Machi 2024 serikali iliondoa zuio lililokuwepo juu ya utekelezaji wa adhabu ya kifo. Julai mwaka huo huo, katika eneo la Lubero, askari 25 walihukumiwa kifo kwa makosa yakiwemo kukimbia mbele ya adui. Sijadili hapa kama hukumu zile zilikuwa za haki. Ninasema kwamba kijana anayeweka sahihi anakubali kuingia chini ya sheria ile, na katika miaka yangu mitatu sikuwahi kumsikia mwandikishaji mwenzangu akiitaja kabla ya sahihi. Mimi nilianza kuitaja mwaka wa mwisho tu. Siku ya kwanza nilipoitaja, kati ya vijana kumi na wanane walibaki kumi na wanne. Wale wanne walionyanyuka na kuondoka hawakuwa waoga. Walielewa nilichosema, wakakipima, wakaona hawakiwezi, na ni heri mtu alione hilo uwanjani Katuba kuliko kulionea kilimani Masisi.

Katanga yetu hii ina historia ndefu ya watu wanaochukuliwa na kupelekwa mbali, na historia hiyo inaonyesha jambo ambalo wakubwa wetu hawataki kulitazama. Chini ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, tangu 1891, kila wilaya ilitakiwa itoe vijana wa Force Publique, jeshi la kikoloni, kwa hesabu iliyopangwa. Aliyechagua nani aende mara nyingi alikuwa chifu, na chifu hakumtoa mwanawe. Alimtoa mtumwa, yatima, au mgomvi aliyemchosha. Kijana alikwenda miaka saba. Baada ya maasi ya Luluabourg mwaka 1895 wakubwa waliona ni salama zaidi kuwachanganya askari na kuwaweka mbali na kwao, wasiwe na ndugu jirani wala lugha ya nyumbani. Jeshi lile lilikata kamba kwa makusudi. Huo ulikuwa ndio ustadi wake.

Matunda yake tuliyaona hapa hapa, mji ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliogoma kudai mshahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Askari wa Force Publique waliwapiga risasi, na makumi ya watu wakafa, akiwemo Léonard Mpoyi aliyekuwa akiwasemea. Waliofyatua walikuwa weusi kama waliokufa. Lakini uwanjani pale hawakuwa na mama, hawakuwa na mjomba, hawakuwa na mtu ambaye kesho yake angewauliza sokoni: mwana wangu umemfanya nini? Askari asiye na mtu wa kumuuliza ni hatari kwa raia kuliko kwa adui. Hili nimeliona na katika zama zangu pia, na ni sehemu ya sababu ninayotaka nyumba ya kijana ibaki imefungwa kwake.

Cha ajabu, kampuni ile ile ya madini ilijifunza mapema kuliko jeshi. Bourse du Travail du Katanga ilianzishwa 1910 kwa kazi moja: kuwatafuta watu mbali na kuwaleta machimboni. Waandikishaji wake walihesabu vichwa. Watu walikuja kwa mikataba mifupi, bila wake, wakarundikwa kambini, wakafa kwa magonjwa, na waliobaki wazima wakatoroka usiku. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ikabadilisha hesabu: mikataba ya miaka mitatu, mfanyakazi alete mke, apewe nyumba, watoto wapewe shule na hospitali. Babu zetu wengi walifika Lubumbashi kwa njia hiyo. Haikuwa huruma. Kampuni ilipiga hesabu ikaona kwamba mtu aliyekatwa na kwao ni hasara, lazima umtafute mwingine kila mwaka. Tena kampuni ilitaka watu wa kubaki kuchimba tu. Jeshi linataka watu wa kubaki kilimani risasi zinapolia, na bado linawachukua kwa mtindo wa 1910.

Wengine wataniambia kwamba nchi zilizoendelea zina mbinu za kisasa, tuige. Marekani wameacha kulazimisha watu kujiunga tangu 1973, na waandikishaji wao ni masajenti wanaotolewa vikosini na kufunzwa kwenye kambi ya Fort Knox. Nimewasoma, na nawaheshimu. Lakini hata wao, mwaka 2022 jeshi lao la nchi kavu lilitaka watu 60,000 likakosa kama 15,000. Kilichonigusa zaidi ni habari ya Houston: kati ya 2005 na 2008 waandikishaji wanne wa kikosi kimoja walijiua, watu waliokuwa wamerudi kutoka vitani na kukabidhiwa lengo la kila mwezi, wakibanwa wasipolifikia. Mapema 2009 jeshi lao lilisimamisha uandikishaji nchi nzima kwa siku moja ili kulitazama jambo hilo. Niliposoma habari ile niliiweka simu chini, nikakaa kimya kwa muda mrefu. Mtu aliyetoka vitani anajua anawaita vijana waende wapi. Ukimwambia awaite bila kusema anachokijua, na umpime kwa idadi, unamkata vipande viwili.

Kuna upande mwingine ambao unashika kamba vizuri kuliko sisi, na inaniuma kuutaja. Machi 2013 vijana wa Bakata Katanga, kundi la waasi wa msituni, waliingia Lubumbashi kwa miguu, wamejifunga vitambaa, wengi hawana hata bunduki. Katiba yetu, kifungu cha 190, inasema anayeunda kikundi cha kijeshi au kuwapa vijana silaha ametenda uhaini mkuu. Vijana wale walijua kwamba serikali haiwataki. Lakini aliyewaandikisha alikuwa jirani, kaka wa kanisani, shemeji. Mtoto akifa, yeye ndiye anakuja kulia msibani. Kundi la msituni linampoteza kijana kwa mambo mengi, ila mama yake anajua wa kumuuliza. Jeshi la taifa, lenye sheria, mshahara na bendera, linamwacha mama huyo na picha kwenye fundo la kitenge.

Ninachotaka ni kidogo. Mwandikishaji abaki na majina yake. Katika kila kundi analolipeleka Kamina au kwingineko, apewe orodha ya nyumba na namba za simu, na kwa miaka mitatu awe ndiye mdomo wa jeshi kwa nyumba hizo. Kijana akimaliza mafunzo, nyumba ijue. Akijeruhiwa, nyumba ijue. Akifa, mtu aliyekunywa maji kwenye nyumba ile ndiye aende kusema, amevaa sare kamili, mchana, si kwa simu ya usiku kutoka namba isiyojulikana. Na apimwe kwa wangapi kati ya wake bado wako kwenye safu baada ya miaka mitatu. Mwandikishaji akijua atapimwa hivyo, hatamwandika mtoto wa miaka 15, hatamficha mtu kanuni ya adhabu, na yule mpwa wa kanali hatapata nafasi mlangoni.

Nimejibiwa kwamba ni siri ya kijeshi, adui atajua vikosi viko wapi. Mama hataki jina la kilima. Anataka kujua kama mwanawe anapumua. Nimejibiwa pia kwamba haiwezekani kumfuatilia kila askari katika nchi kubwa hivi. Hilo nalikataa kabisa, kwa sababu limewahi kufanyika kwa ajili ya pesa. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya uliokuwa nchini kuanzia 2005 hadi 2016 ulisaidia kuhesabu askari mmoja mmoja, kuwapa kadi zenye alama za vidole, na kutenganisha njia ya malipo na njia ya amri, ili mshahara usimezwe na majina hewa. Tukiweza kumtafuta askari mpaka mahali alipo ili kumlipa, tunaweza kumwambia mama yake kwamba tumempata. Na kifungu cha 189 cha katiba hiyo hiyo kinataka jeshi liwe na watu wa mikoa yote kwa haki. Mikoa ni nyumba za watu. Nyumba ikishaumizwa mara moja, haikupi mtoto wa pili.

Kuna jibu la tatu, ambalo ni zito kuliko hayo mawili, na sitaki kulikwepa: kwamba mwandikishaji akisema ukweli wote, vijana watapungua wakati nchi imevamiwa. Ndiyo, watapungua. Wanne kati ya kumi na wanane, nimesema. Lakini waliobaki kumi na wanne, kwa hesabu yangu ya mwisho, kumi na watatu walimaliza Kamina na hakuna aliyetoroka. Vikundi vyangu vya mwanzo, nilivyoviandika kwa maneno matamu, siwezi kusema hivyo. Najua kwa sababu baada ya siku ile ya sokoni nilinunua daftari.

Ni daftari la shule la kurasa 96, nimelivalisha gazeti. Nilianza na kijana wa Katuba. Nikaenda nyuma, jina moja moja, nikiomba namba kwa majirani, kwa walimu, kwa mapadri. Nikafika majina 41. Kila mwezi nilinunua vocha kwa pesa yangu, nikapiga simu kwa masajenti ninaowajua huko mbele, na kila nilipopata neno nililipeleka kwenye nyumba. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenikataza. Yule wa Katuba nilimpata wiki ya tatu. Alikuwa Ituri, alikuwa amepata malaria na kupona. Nilipokwenda kumwambia mama yake alikuwa anasonga bukari. Hakuacha kusonga. Aliniambia nikae, nikakaa, akanipakulia na sombe, tukala bila kuongea, na tulipomaliza akasema: "Mwezi kesho utakuja tena."

Jina la 17 halikuwa hivyo. Habari yake niliipata kwa mwenzake, kwa simu, saa nne usiku. Asubuhi nilivaa sare, nikaipiga pasi mara mbili, nikaenda Ruashi kwa miguu kwa sababu sikutaka kufika haraka. Baba yake aliniona tangu mbali. Alikuwa anarekebisha baiskeli. Aliiweka chini taratibu, akafuta mikono kwenye suruali, akasimama akanisubiri. Nilimwambia yote niliyoyajua: siku gani, kwamba hakuwa peke yake, kwamba hakukimbia. Aliniuliza jambo moja tu, kama nilipomwandika kijana nilimwambia kwamba anaweza kufa. Nilimwambia hapana, mwaka ule nilikuwa bado sisemi.

Daftari bado ninalo. Nimestaafu, hakuna aliyekuja kulichukua, na sijui nimpe nani kati ya vijana waliochukua nafasi yangu, ambao nao wana jumla ya kusoma kila jioni. Jumapili iliyopita ilipiga namba ya jina la 26. Alikuwa dada yake. Aliniomba samahani kwa kunisumbua siku ya ibada, kisha akaniuliza kama kuna habari. Nimemwambia anipe mpaka Ijumaa.